Mkasi wa Mamlaka ya Maji

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Waliomheshimu walimwita Bwana Mkasi. Waliomzoea walisema Mkasi tu. Jina hilo lilimwangukia baada ya vita, Mamlaka ya Maji ilipompa cheo cha Afisa wa Ubia na Mashirika Rafiki. Mgeni mmoja rasmi alikuwa amefika kuzindua pampu, utepe ukakatwa kwa kisu cha jikoni, na aibu hiyo ikaitesa Mamlaka kuliko pampu yenyewe, ambayo haikuwaka. Tangu siku ile afisa wetu alitembea na mkasi ndani ya kisanduku cha mahameli. Utepe ulipata mkasi wake. Pampu haikupata fundi.

Tusimwonee. Alikuwa mtu mwema, mpole kwa majirani, mwenye kupiga pasi suruali zake mwenyewe. Aliishi ghorofa ya tatu pamoja na mkewe, ambaye ni mshonaji, na mama yake mzazi, mwenye kidonda mguuni kilichotaka kuoshwa kwa maji safi asubuhi na jioni. Maji hayo yaliletwa na lori la Mamlaka kila Alhamisi, kwa kuwa bomba kuu la mtaa lilikatwa na makombora.

Si kwamba bomba halikutengenezwa. Lilitengenezwa sana. Shirika la maji la nchi moja rafiki lililaza mabomba kuanzia tangi la mlimani. Shirika la nchi nyingine rafiki likalaza kuanzia mjini. Kila upande ulifanya kazi safi kwa vipimo vya kwao. Walipokutana mbele ya kibanda cha kinyozi, bomba la huku lilikuwa nene kama paja na la kule jembamba kama mkono. Wahandisi wakapeana mikono juu ya shimo, wakapigwa picha, wakapanda ndege. Mkasi akatangaza kwamba pande mbili zimekutana, na hapo hakusema uongo.

"Bwana Mkasi," kinyozi humwita kila akipita, "hili shimo bado mna kazi nalo, au nitafute mpangaji?"

Jumatano moja jioni mkewe aliinamisha pipa, likatoa tope.

"Mume wangu, mama hajaoshwa kidonda tangu jana. Kimeanza kunuka."

"Kesho Alhamisi. Lori litakuja."

"Umesema wewe au imesema Mamlaka?"

"Nimesema mimi."

"Basi nitasubiri kauli ya Mamlaka."

Kauli ya Mamlaka ilitolewa asubuhi, na Mkurugenzi mwenyewe. Ujumbe wa mashirika rafiki ungefika siku hiyo kuzindua bomba. Lori lifichwe nyuma ya ukuta wa kinyozi, mpira wake wa maji uunganishwe na koki ya uzinduzi, wageni waone maji.

"Mkurugenzi, leo ni zamu ya mtaa wetu," Mkasi alithubutu kusema.

"Na uzinduzi uko mtaa gani? Si huo huo? Basi lori limeenda mtaani. Unalia nini?"

Mkasi hakuwa mtu wa kubishana na cheo. Aliunganisha mpira kwa mikono yake. Alikuwa amekwisha kufanya hivyo mara nyingi mahali pengine, na kila mara alijifariji kwamba wageni wakidanganyika vizuri, misaada itakuja, na misaada ikija, maji yatafuata.

Hema likasimamishwa, viti vikavalishwa vitambaa vyeupe. Mkurugenzi alihutubia mpaka jasho likamlowesha kola. "Maji haya si ya Mamlaka!" alinguruma. "Ni yenu, wananchi!" Mkuu wa ujumbe, mama mtu mzima aliyejifunza Kiswahili kwa miaka ya safari hizo hizo, akakata utepe, akafungua koki. Maji yakafoka. Watu wakashangilia. Mkasi, aliyesimama begani pake, akamsikia akimnong'oneza mpiga picha:

"Piga upesi, kabla lori halijaisha."

"Lori lipi, mama?"

"Lile ambalo sote hatulioni."

Mkasi aliona kama amevuliwa nguo hadharani. Kumbe miaka yote ile hakuwa amemdanganya mgeni hata mmoja. Wageni walijua, Mkurugenzi alijua, pengine hata viti vilijua. Aliyedanganyika kikweli alikuwa mama yake, kule juu, na mguu wake.

Koki ilipofungwa, mkewe alijitokeza na ndoo. Mlinzi akamzuia.

"Mama, subiri sherehe iishe."

"Mkurugenzi amesema maji ni yetu. Au masikio yangu mabovu?"

Watu wakaangua kicheko. Mkurugenzi akamkunjia Mkasi nyusi: mwondoe. Mkasi akaweka kisanduku chake kitini, akaipokea ndoo ya mkewe, akafungua koki hadi mwisho. Kinyozi akaja na beseni. Nyuma yake mtaa mzima ukapanga foleni.

"Mkasi, unanimaliza!" Mkurugenzi alimfokea kwa sauti ya chini huku akiwachekea wageni.

"Natekeleza hotuba yako, mkuu."

Koki ilikohoa, ikakauka. Baadaye wageni waliandika kwamba mwitikio wa wananchi ulivuka matarajio; ubia ukaongezwa muda, ukiwemo utafiti kuhusu namna ya kuunganisha bomba nene na jembamba. Mkasi naye alihamishiwa ghala la mita za maji, mita ambazo hazijawahi kupitiwa na tone. Lakini hayo yalikuwa ya mbele.

Siku ile alipandisha ndoo hadi ghorofa ya tatu, kola imelegea, suruali imelowa. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akapiga goti.

"Leo umewahi kutoka kazini, mwanangu," mama yake alisema.

"Ndiyo, mama. Nyoosha mguu."

"Taratibu hapo."

Akaosha kidonda taratibu, akakausha pembezoni, akazungushia bendeji safi na kuibana kwa pini.