Kesi ya Bibi, Kahawa ya Shangazi

Mwalimu mmoja kijana wa hapa Bukoba, ambaye nilimfundisha historia mwenyewe, aliniandikia ujumbe kwenye simu akiomba nimpendekezee vitabu. Wana kikundi chao cha kusoma, wanakutana Jumamosi, na safari hii wameamua kusoma kuhusu kesi za uchawi za enzi za mkoloni. Aliandika kwamba hakumjua mwingine wa kumuuliza. Zamani ningemjibu kabla chai yangu haijapoa. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Nyanga na migomba yangu michache, na hakuna kinachonifurahisha kama kuulizwa mtu asome nini. Safari hii ujumbe ulikaa bila jibu, kwa sababu shangazi yangu wa Kagoma alikuwa amefika mahali hakuna jirani anayegusa chakula chake, na aliyemfikisha hapo ni mimi na vitabu vyangu.

Bibi yao baba na shangazi alishtakiwa kwa uchawi wakati wa Mwingereza. Baba ndiye aliyenieleza, mara moja tu, tukiwa tunapalilia kahawa, na alipomaliza akaniambia maneno hayo yabaki hapo hapo shambani. Watoto wa jirani walikuwa wamekufa wakifuatana. Bibi akapelekwa kwa mkuu wa wilaya wa Kizungu, akahojiwa kupitia karani aliyetafsiri, kisha akahamishwa mbali na kwao. Baada ya miaka alirudi akiwa mzee, akamlea shangazi, akafa kitandani kwake kama watu wengine. Wazee wa ukoo wote walikuwa wanaijua habari hiyo, walikubaliana tu kutoitaja. Mimi nilidhani wanaona aibu.

Habari hiyo ndiyo iliyonipeleka vitabuni. Nilisoma sheria ya uchawi ya wakati ule, nikaona jinsi ilivyompa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha mtu anayenong'onwa hata kama hakuna kilichothibitishwa. Nilisoma kumbukumbu za maofisa, ambao kwa maelezo yao wenyewe hawakuwahi kukosea, na za wamisionari, ambazo ni za kusoma huku umekunja uso. Nilisoma wasomi wa baadaye, wenye huruma na tanbihi ndefu. Wote walinifundisha kwamba kesi hizo zilikuwa na uvumi mwingi na ushahidi kiduchu. Nikavimba kichwa kwa elimu hiyo. Nilikuwa nasubiri mahali pa kuitumia.

Mahali palipatikana msibani. Binamu yangu wa Kagoma alifiwa na kijana wake, dereva wa bodaboda, kwa homa ya ghafla. Siku ya kumaliza matanga tulikuwa tumekaa kwenye nyasi zilizotandazwa, wanaume upande wao na sisi wanawake upande wetu, na minong'ono ikaanza kwamba kifo cha namna ile hakiji chenyewe. Hakuna aliyetajwa. Ningenyamaza, minong'ono ile ingekufa njaa kabla rubisi, pombe yetu ya ndizi, haijaisha. Lakini mimi nikisikia ujinga mkono hutafuta chaki. Nikasimama.

Nikawaeleza kesi ya bibi, yote, kama niko mbele ya kidato cha tatu. Nikauliza kama kuna anayejua ushahidi uliotolewa dhidi yake. Nikajijibu kwamba haukuwepo, na kwamba bibi yetu alitolewa kwenye kibanja chake kwa minong'ono kama hii hii tunayoisikia leo. Nikakaa, nimeridhika, nikangoja waone haya.

Mzee mmoja wa upande wa mama wa marehemu alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyesaidiwa hesabu.

"Kwa hiyo hata serikali ya Mzungu ilimwona, mwalimu," alisema. "Ikamwondoa."

Mwingine akaongeza kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Nilicheka, nikidhani nimeelewa ujinga wao wote. Kisha nikaona nyuso zinageuka, moja baada ya nyingine, kuelekea mlangoni. Shangazi alikuwa amekaa pale na kikapu kidogo cha akamwani mapajani, ile kahawa yetu ya kutafuna, inayochemshwa na majani ya viungo na kukaushwa. Kila aliyekuwa pale alijua nani alilelewa na bibi yule. Mimi ndiye niliyesahau.

Kikapu kikazunguka, maana kwetu mgeni hupewa akamwani kabla ya neno lolote la maana. Mmoja alisema jino linamsumbua. Mwingine akasema amefunga. Waliobaki walipokezana tu, kila mtu akikipitisha haraka kwa jirani yake. Kilirudi kwa shangazi kimejaa kama kilivyotoka. Alikifunika kwa jani la mgomba, akashukuru watu kwa kuja, akaenda kuosha vyombo.

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo isemwavyo. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Yaliyofuata nimesimuliwa kwa simu, kipande kipande. Mama aliyekuwa akinunua ndizi zake kupeleka sokoni akapata shamba jingine la kununua. Watoto wakakatazwa kufuata mpira ukiingia kwake. Zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake ilipofika, ikaonekana mawingu ni mazito na sala ikahamishiwa kwa katekista, na mvua yenyewe haikunyesha. Watu wa mjini niliowahadithia waliniuliza kama ni mambo ya kugombea kibanja. Ningependa iwe hivyo, ningepata mtu wa kumchukia. Hakukuwa na mwenye tamaa. Kulikuwa na mwalimu aliyetaka kuonekana anajua.

Nilijitetea kwa muda. Nilisema usiku na mchana kwamba nilisema kweli. Ni kweli nilisema kweli. Hilo halinisaidii kitu ninapomfikiria mwanamke wa umri ule akipika chungu cha ndizi na kuzila peke yake.

Mwishowe nikafunga safari, nikiwa na mpango. Ningemchukua shangazi aje kukaa nami Nyanga, ambako hakuna anayemjua, chumba kipo, zahanati iko karibu. Asubuhi hiyo dada yangu aliyeolewa Muleba mjini alinipigia simu kuniambia nikifika nisile kitu huko. Nilimfokea mpaka akakata.

Nilimkuta shangazi akichambua maharage barazani. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akaniuliza habari za migomba yangu na ugonjwa wa kunyauka, akanicheka kwamba walimu hulima kwa kusoma. Nikamweleza mpango wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono haikuacha maharage.

"Bibi alihamishwa na Mzungu," alisema. "Mimi nihamishwe na mtoto wa kaka yangu?"

Sikuwa nimeliona hilo. Miaka yote ile ya kusoma namna maofisa walivyotatua uvumi kwa kumwondoa anayevumishiwa, na dawa niliyokuja nayo kwenye begi ilikuwa ile ile. Machozi yalinitoka. Nikamwomba msamaha, nikasema nilitaka kumtetea bibi na kumtetea yeye.

"Mimi nilikuwa sijashtakiwa, mwana wange," alisema.

Hakusema kwa hasira. Ningepumua kidogo kama angekasirika.

Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote. Vitabu vyote huishia pale mtuhumiwa anapoondolewa. Hakuna kinachomsubiri arudi. Nikamuuliza bibi aliporudi watu walimpokeaje. Akasema hawakumpokea. Alikaa na kikapu chake cha kahawa barazani hapa hapa, wapita njia wakisalimia kwa mbali. Wa kwanza kuchukua kahawa yake alikuwa yeye shangazi, mtoto mdogo aliyeletwa kumtunza, akatafuna mbele ya watu njiani, akaomba nyingine. Kuanzia hapo, taratibu, mmoja alikuja, na mwingine.

"Nilikuwa mtoto," alisema. "Sikujua kitu."

Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kikapu. Akanisogezea, kama alivyonisogezea tangu nikiwa na meno ya utoto. Njiani palikuwa na wanawake wawili wakitoka kuteka maji, wamepunguza mwendo kutuangalia.

Siamini uchawi. Sikuamini jana wala sikuamini pale barazani. Niliuinua mkono, na juu ya kikapu mkono ukasita. Ilikuwa kidogo sana, mtu mwingine angedhani nachagua iliyo nzuri. Sauti ya dada yangu ilikuwa imeingia na kukaa, licha ya yote niliyoyajua.

Shangazi aliona.

Rubisi huonjwa kwanza na mwenyeji, kuonyesha haina sumu, hiyo ni adabu ya kila nyumba. Akamwani haionjwi. Mtu hainusi wala haionji kwa niaba ya mtoto wa nyumbani. Lakini shangazi alikivuta kikapu kwake, akachukua kahawa moja, akaiweka mdomoni na kuitafuna polepole nikiona, mpaka akameza. Kisha akanisogezea tena.

"Chukua sasa," alisema.