Shahidi wa Makoti Arobaini

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka hata nguo ikichakaa. Miaka tisa alimshonea makoti ya jukwaani mwimbaji aliyejaza viwanja. Kisha mwimbaji akashtakiwa: michango ya kutibu watoto, iliyokusanywa kwa jina lake, alikuwa ameitafuna. Hundi zilizolipia makoti zilitoka kwenye mfuko huohuo. Mama Pindo hakuwa na habari. Akaitwa kutoa ushahidi.

Tangu hapo kibarazani kwake hapakukalika.

"Shangazi, wanamwonea wivu tu," alisema kinyozi wa jirani. "Ukifika kule sema umesahau."

Muuza mkaa, ambaye mwanawe alikuwa na ugonjwa wa moyo, akamjia juu. "Asahau nini? Mwanangu kasubiri upasuaji mwaka mzima!"

Nusura washikane mashati. Mama Pindo aliendelea kukanyaga cherehani.

Siku ya kesi watu walifurika nje ya mahakama kama siafu. Hawa wanaimba nyimbo zake, wale wanazomea, huwezi kusikia hata mawazo yako. Ndani, wakili wa mwimbaji akamuuliza kwa kejeli, "Mama, makoti arobaini yote unayakumbuka?"

"Baba, nakumbuka hata vifungo."

Akaanza kuyataja moja baada ya jingine, kila moja na hundi iliyolilipia: la zambarau la kola ndefu, jeupe lililotoboka kwapani akalitia kiraka... Alipofika la arobaini, mwimbaji akasimama bila ruhusa.

"Mheshimiwa, mama huyu hasemi uongo. Pesa za watoto nilikula mimi."

Mwili ukamsisimka Mama Pindo. Mabega yale aliyoyapima mara ngapi sijui, leo yalikuwa yameshuka kama ya mtoto aliyekosa. Kumbe maneno yake, fundi wa kibarazani, yangeweza kumsimamisha mtu mkubwa hivyo! Alipotoka nje, habari zilikwisha kumtangulia. Umati ukampisha njia. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyezomea. Mzee mmoja alivua kofia.

Mwimbaji alifungwa miaka sita. Kinyozi alimnunia Mama Pindo wiki mbili nzima, halafu akaja na suruali ya kupunguzwa.

"Shangazi, hivi ni kweli alikiri? Mwenyewe, bila kulazimishwa?"

"Kwa kinywa chake, mwanangu. Nilikuwa hapo."

Kinyozi akajikalia kwenye stuli, suruali mapajani.