Moto Mmoja, Nyumba Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilitafuta kiti nikakosa. Ofisi ya kuhesabu watu ya komini, manispaa yetu, ilikuwa na meza moja, na makarani wote tulisimama. Ilinifaa, maana mimi sijui kutulia. Hata leo mke wangu hunifukuza sebuleni kwa kuzungukazunguka.

Tulikuwa Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, wakati Katanga imejitenga na Kongo. Mpaka wa komini ulikuwa umesogezwa, mitaa kadhaa ikaingia upande wetu, na wakubwa wakataka idadi rasmi ya wakazi. Ninyi vijana wa mashine mtacheka: hatukuwa nayo. Komini ya zamani ilikuwa imeandika jumla ya watu wake wote, si mtaa kwa mtaa, na jumla ya namna hiyo huwezi kuikata vipande. Tukaandika kuomba, tukajibiwa tuombe kwingine. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Mwishowe tukaambiwa twende wenyewe, mlango kwa mlango.

Shida ilikuwa hofu. Watu wengi wa asili ya Kasai, mkoa jirani, walikuwa wamefukuzwa kwa vitisho, wakakimbilia kambi ya wakimbizi. Waliobaki, ukibisha hodi na karatasi mkononi, wanatorokea mlango wa nyuma. Chef de bureau, mkuu wetu wa ofisi, mtu wa maneno machache, akatupa kanuni yake.

"Musiulize bantu mingi. Muangalie mbabula. Nyumba yenye iko na moto, andika. Yenye haina moto, acha."

Mbabula ni jiko la makaa. Nyumba isiyo na moto iliandikwa tupu, na kiwanja kitupu kilikuwa tayari kupewa mtu mwingine.

Asubuhi moja mimi na Chef tulifika kwa Mama Kapinga, mshonaji wa Kasai. Ndiye aliyemshonea dada yangu gauni la harusi, na nilijua yuko kambini na watoto wake. Niliogopa hata kutazama. Lakini mlangoni pake mbabula ilikuwa inawaka, na aliyekuwa akisonga bukari, ugali wetu, ni jirani yake, Mama Chola, mzaliwa wa hapa hapa. Nyumba ya Mama Chola mwenyewe, ng'ambo ya ua, ilikuwa baridi.

"Mama, kule kwako haina moto," Chef akasema. "Tutaandika hakuna muntu."

"Andika vile. Niko na mbabula moja tu."

"Batakunyang'anya kiwanja, Mama!" nilishindwa kunyamaza.

"Mimi munaniona na macho, mwanangu. Kapinga hamumuone. Moto ibakie kwake."

Chef alizunguka ua mara mbili. Kisha akaokota beseni bovu lililotoboka, akaliweka mbele ya mlango wa Mama Chola.

"Mama, leta moto kidogo huku."

Mama Chola akachota makaa mekundu, akayamwaga ndani. Moshi ukapanda.

"Sasa andika," Chef akaniambia. "Nyumba mbili."

Baadaye nilihamishiwa Sakania, kisha Lukafu, nikarudi kuwa mkuu wa ofisi ile ile hadi nikastaafu. Bado najiuliza kama idadi tuliyopeleka ilikuwa ya kweli. Mama Kapinga hakuwa akilala pale. Swali hilo huniinua kitini, nikatembea, nikarudi nalo.

Lakini kabla sijahamishwa, vita vya kujitenga vilipokwisha, nilipita mtaa ule siku Mama Kapinga aliporudi, mzigo kichwani, watoto nyuma yake. Mbabula ilikuwa bado mlangoni pake, inawaka. Mama Chola aliacha sufuria yake juu ya beseni, akamkimbilia, wakakumbatiana na kulia, na mimi nikalia. Kisha Mama Chola akajifuta macho kwa kitenge.

"Kapinga, sasa unirudishie mbabula yangu. Nimechoka kupikia mu beseni."