Tarakimu ya Nne

Fundi baiskeli wa mtaa wetu hapa Ng'ambo hagusi pancha kabla hajasoma namba ya fremu. Huifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha huzipanga tarakimu kama madumu ya asali kwenye keria, moja kushoto, inayofuata kulia, vidole vyake vyeusi vikigonga paja hili na lile. Jumla za pande mbili zikilingana, hutabasamu. "Hii inagawanyika kwa kumi na moja," humnong'oneza mwenye baiskeli, kama anayemsifia mtoto wake. Mimi nashona viatu pembeni yake, na nimemcheka sana.

Juzi mjane mmoja wa Sikonge alileta baiskeli ya marehemu mumewe ipakwe rangi. Kutu ilikuwa imekula tarakimu ya nne: saba, nne, tisa, pengo, mbili, sita.

"Aliipenda hiyo namba," mjane alisema. "Ulimwambia imekaa sawa pande zote. Sasa ndiyo imepotea?"

"Haijapotea, mama." Akagonga paja la kushoto: saba, tisa, mbili, kumi na nane. La kulia: nne, sita, kumi. "Huku kumepungua nane."

Akachukua tindo, akaichonga nane polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Mjane akazipapasa tarakimu zote kwa kidole gumba, akizihesabu mwenyewe, kushoto, kulia, mpaka ya mwisho.

"Fundi," akasema, "hapo usipake rangi."