Keji ametolewa darasa la juu, kiti chake kimebaki

Leo nimemsimamisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake, na sijutii hata kidogo.

Shuleni kuna madarasa mawili ya kalkulasi, la juu na la chini.
Asubuhi ustaz, mwalimu wao, kamshusha binti yangu Keji bila hata kumpa jaribio. Nikaenda kumuuliza sababu.

"Mama Keji, msichana atachoka huko juu."

Atachoka? Huyu anayebeba kiti chake cha plastiki kutoka mtaani kwetu Nyakuron? (Mnajua shule zetu, kila mtoto na kiti chake.)

Ustaz akaniacha nimesimama, akaingia darasa la juu, akakaa.
Kwenye kiti cha Keji! Jina nililiandika mimi mwenyewe mgongoni.

"Ustaz, inuka."
Akainuka.
Nikamkalisha mwenye kiti.

Mnaniona mkorofi? Semeni tu.
Anayetaka kumtoa tena, mimi bado niko mlangoni.