Ng'ombe wa Kaka Yangu

Wanaosema yale yalikuwa mambo ya zamani, niyasahau, hawakunyang'anywa wao. Walioninyang'anya ni watatu. Mdai wa duka la ushirika, mwenyekiti wa kijiji, na kaka yangu, tumbo moja.

Marehemu mume wangu alikopa plau pale dukani tulipohamishiwa kijijini, huku njia ya Mkiwa. Alikufa kabla hajamaliza kulipa. Arobaini haijaisha, mdai akaja akabeba plau. Nikamwomba stakabadhi, akacheka. "Mama, wewe unajua kusoma? Utaiweka wapi, kwenye chungu?" Nikajua basi, deni limeisha.

Baada ya mavuno akarudi, safari hii na mwenyekiti, wakaenda moja kwa moja zizini.

"Plau ilikuwa chakavu," mdai akasema. "Mume umemzika, shemeji, lakini deni halizikwi."

Zizini kulikuwa na ng'ombe mmoja tu, na hakuwa wangu. Kwetu mtu mwenye mifugo hawaweki wote zizini kwake, huwagawa kwa ndugu na marafiki, watu wasijue mali yake. Anayetunza hupata maziwa na samadi ya shamba. Huyo alikuwa wa kaka yangu, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlea mwanangu mdogo.

Nikasema, "Huyo si wangu. Ni wa kaka."

Mwenyekiti akaagiza kaka aitwe. Watu walishajaa uani. Akaja, akasalimia wakubwa shikamoo, akasimama.

"Shemeji," mwenyekiti akamwambia, "dada yako anasema una ng'ombe hapa. Una wengine wapi? Maana hapa kijijini uliandikisha wawili tu."

Kaka akatazama chini. "Mimi sina ng'ombe kwa mtu. Huyu dada msiba umemvuruga."

Wakacheka, na majirani niliowapa maziwa wakacheka. Ng'ombe akafungwa kamba, akaondoka huku ananigeukia. Mtoto alianza kulia jioni hiyohiyo.

Kesho yake kaka akaja, safari hii peke yake. Hakukaa.

"Ng'ombe wangu yuko wapi?"

"Jana ulisema huna."

"Jana palikuwa na watu. Sasa hapa tuko wawili. Utanilipa."

Nikaenda Singida kwa miguu, mtoto mgongoni, hadi mahakama ya mwanzo. Karani wa pale akanisikiliza, akaniuliza kama mdai alikuja na amri ya mahakama. Nikasema alikuja na mwenyekiti. Akatikisa kichwa. Bila amri hiyo, akasema, huyo hana ruhusa ya kugusa hata kuku. Na akiwa nayo, jembe la mkulima haligusi, wala sufuria, wala matandiko, wala mali ya mtu mwingine.

"Mlete mwenye ng'ombe athibitishe ni wake," akasema, "atarudishwa."

Nikarudi nikampigia kaka magoti. Akasema, "Niende mahakamani nikajitaje? Una wazimu."

Basi alijilipa mwenyewe. Binti yangu mkubwa, matiti ndiyo kwanza yanachomoza, akamwoza kwa mzee mmoja wa Iguguno, na mahari ikaingia zizini kwake. Nilipokataa akaniambia mjane hana sauti ya kuoza.

Haki zangu nazijua sasa, zote, kama alivyonitajia karani. Binti yangu yuko Iguguno. Akinikuta mnadani ananiamkia kama ninavyoamkiwa na wapita njia, kisha anaendelea kununua chumvi.