Farasi Mzee Aliyekataa Maji

Cheka ukitaka, ila nisikilize kwanza mpaka mwisho. Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa tangu uchanga, pombe siijui, na nilichokiona nilikiona saa tisa mchana, akili zangu timamu. Nikudanganye ili nipate nini?

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mkunga wa zahanati tuliyoijenga wenyewe kwa kubeba mawe kichwani, milimani upande wa Kinole. Vitongoji vitatu vilinitegemea, vyote ng'ambo ya mto, juu kabisa. Halafu nikateleza nikiwa njiani, goti likaharibika. Nikawa nafika kwa mzazi mtoto ameshazaliwa, na mara moja nilifika ameshakufa. Yule mtoto siwezi kumsahau. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia kwa upole kwamba nikiendelea hivyo nitahamishiwa mjini, nikakae dirishani nigawe vidonge. Mimi, niliyepokea nusu ya watoto wa mlima ule!

Ndipo nikasikia kwamba kule Kihonda, kwenye shamba la mkonge lililotaifishwa, kuna farasi aliyeachwa na mzungu. Jina lake Jemedari, umri miaka ishirini na ushei. Karani wa shamba alikuwa mkweli.

"Mama mkunga, huyu si wa mbio tena. Kukubeba mwendo wa taratibu anaweza. Ila wanasema kuna mto mmoja huko kwenu havuki hata umpige. Sababu siijui, mimi mgeni hapa. Kaa naye siku tatu. Akikushinda, mrudishe."

Na mto wenyewe, bila shaka umeshaujua. Ni ule ule wa kwangu.

Siku mbili nzima nilimbembeleza pale ukingoni, kwa ndizi, kwa maneno matamu, kwa sala. Alikuwa mpole kama nini, lakini akiyaona maji anakita miguu ardhini. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Mjomba wangu, mkubwa wa ukoo wetu, alikuwa hata haji mtoni. Alinitumia maneno tu: "Mpwa wangu, hiyo ni mifupa iliyovaa ngozi. Irudishe kabla hatujapata kazi ya kuchimba shimo."

Siku ya tatu ikaja habari kutoka juu: mke wa mkulima mmoja ameshikwa na uchungu tangu alfajiri na mtoto hatoki. Nikapanda farasi. Kwa mguu nisingefika kabla ya giza, hilo nililijua. Tulipofika mtoni ukungu ukashuka mzito, na Jemedari akasimama vilevile. Niamini, nililia.

"Mtani! Waluguru mmekwisha! Mlima mliuzoea kwa miguu, leo unapanda mifupa?"

Nilikuwa simwoni aliyesema, halafu nikamwona. Mwanamume mrefu, koti la kaki la manamba wa mkonge, miguu mitupu. Kwa lafudhi tu nilijua ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwetu Waluguru ni mtani. Mtani akikutukana hukasiriki. Akikushikia mali yako humnyang'anyi, unaikomboa.

Akashika hatamu. "Farasi nimemteka. Mkomboe."

Nilikuwa na haraka ya mtu anayekufa, lakini mila ni mila. Nikampa muhogo wangu wa kuchemsha. Aliuweka juu ya jiwe, akacheka, kisha akaanza kumkagua farasi. Akamfunua mdomo. "Meno marefu, ila anatafuna." Akampapasa miguu. "Huu wa mbele kushoto umechoka. Kwenye mteremko shuka utembee naye. Usimkimbize, usimbebeshe mizigo, atakutumikia. Haya, Jemedari, twende baba."

Na Jemedari, ambaye tangu nimchukue hakuwahi kutoa sauti, akalia kwa furaha, akaingia majini nyuma yake kama mtoto anayemfuata mama!

Ng'ambo nikageuka kushukuru. Hakuna mtu. Kwenye tope kulikuwa na alama za kwato tu. Na singa za Jemedari, zile nywele ndefu za shingoni, zilizokuwa zimechakaa na kujisokota, zilikuwa zimesukwa nywele kwa nywele, vizuri kuliko ninavyosuka mimi. Zilisukwa saa ngapi, na nani? Nikapiga ishara ya msalaba, lakini mzazi alikuwa ananingoja. Nikafika. Mtoto alitanguliza miguu, nikamtoa mzima, akapiga kelele mpaka mama yake akacheka. Pacha wake akafuata!

Kesho yake nikaenda kwa mjomba. "Shikamoo mjomba." Alipoitikia nikamweleza yote.

"Huyo alikuwa mtunza farasi wa yule mzungu," akasema. "Mto ulijaa, akamsukuma farasi mbele, farasi akapona, yeye akachukuliwa. Tulimkuta amekufa, tukamfukia pale ukingoni, mimi nikiwemo. Mvua ilikuwa kubwa, kila mtu akakimbilia kwake. Hatukumtania."

Hapo akainamisha kichwa. Unaelewa uzito wake? Mtani hazikwi kimyakimya. Unalizuia jeneza lake, unacheka, unamsema, unampa vya safari. Ndugu zake walikuwa mbali Unyamwezi, na sisi watani wake tulimzika kama mtu asiye na mtu. Ndiyo maana mjomba alikuwa hauelekei mto ule.

Jumapili baada ya misa tukateremka kijiji kizima mpaka kwenye kaburi lake. Mjomba ndiye aliyeanza. "We mbeba mizigo! Mababu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe kijito cha Waluguru kikakushinda?" Akacheka huku machozi yanamtoka. Nasi tukamsema mpaka mbavu zikauma, wanawake wakapiga vigelegele. Jemedari akavuka peke yake, akarudi, akavuka tena. Jumatatu nilikuwa Kihonda kumnunua.

Alinibeba miaka minane. Mjini sikuhamishwa, na hakuna mtoto wa ng'ambo niliyemchelewea tena. Siku aliyokufa tulimzika kando ya rafiki yake, naye tukamtania. Asubuhi ile singa zake zilikutwa zimesukwa.

Basi na wewe, ukienda kumjaribu mnyama mzee, usitazame meno tu. Uliza alikuwa wa nani, na huyo mtu alizikwaje. Na ukifika mto ule, sauti ikakutukana kutoka kwenye ukungu, usinune. Toa ulicho nacho, mtukane nawe, uvuke.